Modeli Iliyolijua Eneo Badala ya Udongo: Uchambuzi wa Kisa cha Kutabiri Mtitio

Sampuli ya mchanga wenye silti, ikiwa chini ya shinikizo la kilopaskali 200, ililoweshwa maabara ikatitia kwa asilimia 7.3 ya kimo chake. Modeli ya ujifunzaji wa mashine iliyopewa kazi ya kuukadiria udongo huo kabla ya kipimo ilikuwa imesema asilimia 2.6. Chukua tabaka la mita 3 likalowa lote: kwa makadirio ya modeli ardhi inashuka milimita 78, kwa kipimo inashuka milimita 219. Mshuko wa kwanza unaweza kupangiwa msingi wa kuuhimili. Wa pili unapasua kuta na kukata mabomba, na bomba likishakatika linamwaga maji zaidi kwenye udongo ule ule.

Namba za kisa hiki zimepangwa ili msomaji afuate hesabu mwanzo hadi mwisho. Hazikutoka kwenye mradi wowote. Kosa lenyewe ni halisi, na njia ya kulikamata ndiyo sababu ya uchambuzi huu.

Kwanza udongo. Udongo unaotitia husimama imara ukiwa mkavu. Chembe zake zimepangana kwa ulegevu na kuacha matundu mengi, huku zikishikizwa na viungo dhaifu: mvuto wa maji machache yaliyobaki kwenye makutano ya chembe, madaraja ya mfinyanzi, na mara nyingine kabonati au chumvi. Maji yakiingia, mvuto unapotea, mfinyanzi unalainika, chumvi inayeyuka, na chembe zinateleza kuziba matundu. Mzigo haujaongezeka hata kidogo, lakini ardhi inashuka, tena kwa haraka. Udongo wa loesi, yaani vumbi lililotandazwa na upepo, ndio unaojulikana zaidi kwa tabia hii, ila mashapo ya mafuriko ya maeneo makavu na hata vifusi vilivyoshindiliwa vikiwa vikavu mno huitenda vilevile.

Sampuli yetu ilikuwa na densiti kavu ya gramu 1.42 kwa sentimita ya ujazo, unyevu wa asilimia 6, uzito mahususi wa chembe 2.66, kikomo cha umajimaji 24 (asilimia ya unyevu ambayo udongo huanza kutiririka), kielezo cha unyumbufu 6 (upana wa unyevu ambao udongo hufinyangika) na mfinyanzi asilimia 12. Kabla ya kugusa kompyuta, hesabu fupi inatosha kumtia mtu wasiwasi. Uwiano wa matundu ni 2.66 ÷ 1.42 − 1, sawa na 0.873. Kiwango cha kushiba maji ni 0.06 × 2.66 ÷ 0.873, yaani asilimia 18 tu. Unyevu ambao udongo huu ungebeba ukishiba kabisa ni 0.873 ÷ 2.66, takriban asilimia 33. Kikomo cha umajimaji ni 24. Maana yake, matundu yana nafasi ya maji mengi kuliko yale yanayotosha kuugeuza udongo kuwa uji. Hicho ndicho kigezo cha Gibbs na Bara cha mwaka 1962, nacho kinaweka sampuli hii upande wa hatari bila mashine yoyote. Modeli inayopingana na hesabu kama hii inadaiwa maelezo.

Kipimo kilichotoa asilimia 7.3 kilifanywa kwa edometa, kifaa kinachobana udongo ndani ya pete na kupima unavyoshuka. Sampuli isiyovurugwa ilikatwa kwenye pete ikiwa na kimo cha milimita 20.00, ikaongezewa mzigo hatua kwa hatua kwa unyevu wake wa asili mpaka kilopaskali 200, kimo kikafika 19.52. Ikaloweshwa kutoka chini, ikaachwa saa 24, kimo kikawa 18.06. Mshuko wa kulowana ni 1.46, ukigawanywa kwa 20.00 ni asilimia 7.3. Kwa madaraja ya ASTM D5333, kiwango cha Marekani kilichoondolewa mwaka 2012, 2.1 hadi 6.0 ni mtitio wa wastani na 6.1 hadi 10.0 ni mkali kiasi. Jennings na Knight, mwaka 1975, waliweka 5 hadi 10 kwenye daraja la "tatizo". Kiwango cha China cha ujenzi juu ya loesi kinauhesabu udongo kuwa wa kutitia kuanzia 0.015, yaani asilimia 1.5. Madaraja hayalingani, kwa hiyo anayekusanya data kutoka vyanzo tofauti asifunze modeli kwa majina ya madaraja. Afunze kwa asilimia yenyewe, na aandike kila mstari uligawanywa kwa kimo kipi. Wengine hugawanya kwa kimo cha kabla tu ya kulowesha: hapa ingekuwa 1.46 ÷ 19.52, asilimia 7.5. Tofauti hii ni ndogo kwa sampuli hii, lakini udongo uliokwisha kubanwa sana kabla ya maji huifanya ikue.

Sasa jedwali lililoifunza modeli. Lilikuwa na mistari 410 kutoka udongo wa vyanzo 23. Safuwima zake ni zile zinazopatikana kwa urahisi maabara: densiti kavu, unyevu wa mwanzo, shinikizo wakati wa kulowesha, asilimia ya mfinyanzi, mgawo wa usawa wa chembe (unaoonyesha ukubwa wa chembe unavyotofautiana), kikomo cha umajimaji na kielezo cha unyumbufu. Modeli ilikuwa ya miti ya uamuzi inayojengwa mmoja baada ya mwingine, kila mti ukisahihisha makosa ya waliotangulia, kwa programu ya XGBoost. Mistari ilichanganywa, asilimia 80 ikafunza na 20 ikapima. Kosa, kwa mzizi wa wastani wa mraba, likawa pointi 1.0 ya mtitio. Ripoti nyingi zingeishia hapo, zikiambatanisha mchoro wa nukta zilizolala vizuri juu ya mstari wa nyuzi 45, ambapo utabiri ni sawa na kipimo.

Kwa utabiri mmoja ulioharibika, chombo cha kwanza kushika ni SHAP. Mbinu hii iliwasilishwa na Lundberg na Lee mwaka 2017, ikijengwa juu ya kanuni ya Lloyd Shapley ya mwaka 1953 ya kugawana mapato kwa haki kati ya wachezaji wanaoshirikiana. Hapa wachezaji ni safuwima, na mapato ni umbali kati ya utabiri huu na wastani wa tabiri zote. Raha yake kwa mhandisi ni kwamba michango iko kwenye kipimo kile kile cha jibu, pointi za asilimia ya mtitio, na inajumlishwa hadi kufikia jibu kamili. Kwa sampuli yetu ilitoka hivi:

Wastani wa kuanzia: 4.9
Densiti kavu 1.42: +1.6
Unyevu asilimia 6: +1.1
Shinikizo kilopaskali 200: +0.3
Mfinyanzi asilimia 12: −0.2
Mgawo wa usawa wa chembe: −0.2
Kielezo cha unyumbufu 6: −1.0
Kikomo cha umajimaji 24: −3.9
Jumla: 2.6

Soma polepole. Densiti ndogo imepandisha jibu, unyevu mdogo umepandisha, na zote mbili ziko upande sahihi. Modeli ilikuwa njiani kufika asilimia 7 na ushei, kisha kikomo cha umajimaji kikairudisha chini kwa karibu pointi nne. Hakuna sababu ya kimaumbile kwa kikomo cha 24 kuzima mtitio wa udongo uliolegea na mkavu kiasi hiki. Kwa kigezo cha Gibbs na Bara ni kinyume: densiti ikiwa ile ile, kikomo kikiwa kidogo hatari inazidi.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi. Orodha ya umuhimu wa safuwima kwa wastani haisaidii hapa, kwa kuwa ingesema tu kwamba kikomo cha umajimaji kina nafasi ya juu, na mwandishi wa ripoti angetunga sentensi nzuri kuhusu athari za unyumbufu. Kinachotakiwa ni kuchora michango ya kikomo kwa mistari yote 410, kikomo kikiwa mlalo na mchango ukiwa wima. Sifa ya kimaumbile huchora mteremko au mkunjo. Mchoro huu ulitoa ngazi: mchango karibu na sifuri hadi 23, unadondoka ghafla kati ya 23.5 na 24.5, kisha unapanda tena. Mfereji mwembamba wa namna hiyo haufanani na kitu chochote ambacho udongo hufanya.

Tukachuja mistari iliyo ndani ya mfereji. Ilikuwa 48, yote ya chanzo kimoja, na yote ilikuwa na kikomo cha 24.0 bila desimali kutofautiana. Udongo huo ulikuwa umeshindiliwa maabara kwa densiti za 1.75 hadi 1.85, ukapimwa kwa unyevu na mashinikizo tofauti, na kikomo chake kilikuwa kimepimwa mara moja kisha kikanakiliwa kwenye kila mstari. Udongo uliobanwa hivyo hutitia kidogo sana. Mti wa uamuzi ulikuwa na njia mbili za kuieleza mistari hiyo: densiti kubwa, au kikomo cha 24. Njia ya pili ni mikato miwili safi inayokusanya mistari 48 kwa mkupuo, ikachukuliwa. Modeli haikujifunza jinsi kikomo kinavyoathiri mtitio. Ilijifunza kutambua udongo ule umetoka wapi, na sampuli yetu ngeni, kwa bahati mbaya, ilikuwa na kitambulisho kile kile.

Na kwa nini kipimo cha mwanzo hakikuliona? Kwa sababu mistari ilichanganywa bila kujali chanzo. Kati ya mistari 48 ya udongo ule, takriban 10 iliangukia upande wa kupimia na 38 ikabaki upande wa kufunza. Modeli iliulizwa habari za udongo ilioujua tayari, ikajibu vizuri. Kazini huulizwa habari za udongo ambao haijawahi kuuona. Haya ni mambo mawili tofauti, na alama ya la kwanza haisemi lolote kuhusu la pili.

Dawa ya hili ni kugawa jedwali kwa vyanzo: udongo wote wa chanzo kimoja ukae upande mmoja tu. Kwenye scikit-learn, maktaba ya programu ya lugha ya Python, kazi hii inafanywa na GroupKFold, ikipewa safuwima ya jina la chanzo. Tulipogawa makundi matano kwa njia hii, kosa lilipanda kutoka pointi 1.0 hadi 2.4. Kwa kulinganisha, regresheni ya kawaida yenye densiti kavu, unyevu, mgawo wa usawa wa chembe na logi ya shinikizo, mfano wa milinganyo waliyoitoa Basma na Tuncer mwaka 1992, ilipata 2.5 kwenye mgawanyo ule ule. Karibu ubora wote wa miti juu ya mlinganyo wa mstari mmoja ulikuwa kumbukumbu ya vyanzo. Kila anayechapisha modeli ya aina hii aiweke regresheni hiyo pembeni kama mizani, na ajue kwamba idadi halisi ya ushahidi alionao iko karibu zaidi na 23 kuliko 410.

Kuna kishawishi cha kufuta tu kikomo cha umajimaji na kuendelea. Haitoshi. Mgawo wa usawa wa chembe na asilimia ya mfinyanzi navyo vilipimwa mara moja kwa kila udongo na kunakiliwa. Miti itahamia huko. Jaribio rahisi linathibitisha: funza modeli nyingine itaje chanzo cha mstari kwa kutumia safuwima hizo za utambulisho peke yake. Ikipatia karibu kila mara, kila safuwima ya namna hiyo ni mlango. Kwa hiyo mgawanyo kwa vyanzo unabaki kuwa kinga ya msingi, na marekebisho mengine yanapimwa kwa alama inayotoka humo.

Marekebisho yaliyofanyika yalikuwa matano. Kikomo cha umajimaji kilitolewa kama safuwima huru, kikaingizwa ndani ya uwiano wa unyevu wa kushiba kwa kikomo; kwa sampuli yetu 32.8 ÷ 24, takriban 1.37. Kielezo cha unyumbufu kikaondolewa. Ikaongezwa safuwima inayosema kama sampuli ni ya asili au imeshindiliwa maabara, jambo ambalo kwa kweli lilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Na mistari ikapewa uzito ili chanzo chenye vipimo 48 kisizidi sauti ya chanzo chenye vipimo 5.

La tano lilikuwa kuibana modeli kwa mwelekeo, na hapa panahitaji uangalifu kuliko mahali pengine pote. Kigezo cha monotone_constraints cha XGBoost hupokea 1 kwa safuwima inayoruhusiwa kupandisha tu, −1 kwa inayoruhusiwa kushusha tu, na 0 kwa iliyo huru. Densiti kavu ilipewa −1, unyevu wa mwanzo −1, uwiano wa kushiba kwa kikomo 1. Shinikizo liliachwa 0. Mtu asiye na uzoefu wa edometa angelipa 1, kwa kufikiri kwamba mzigo mkubwa hutitisha zaidi. Hutitisha zaidi mpaka mahali fulani. Shinikizo likiwa kubwa mno, udongo mkavu hubanwa na mzigo wenyewe kabla ya maji, matundu yanapungua, na yanayobaki kwa ajili ya mtitio ni machache. Mkunjo hupanda, hufika kilele, hushuka. Kuulazimisha upande siku zote ni kuifundisha modeli uongo, tena uongo unaopendeza machoni kwenye mchoro. Mfinyanzi nao uliachwa huru: kiasi kidogo hujenga madaraja yanayoweza kubomoka, kiasi kikubwa huujaza udongo na hata kuufanya uvimbe ukilowa.

Baada ya hapo kosa la mgawanyo kwa vyanzo lilishuka hadi 1.9. Sampuli yetu, ambayo haikuingizwa kwenye mafunzo wakati wowote, ilitabiriwa asilimia 6.6: wastani 4.6, uwiano wa kushiba +0.9, unyevu +0.8, densiti +0.5, shinikizo +0.2, mfinyanzi −0.3, usawa wa chembe −0.1. Densiti imo ndani ya uwiano pia, kwa hiyo michango yao miwili isomwe pamoja kama +1.4. SHAP hugawa sifa kati ya safuwima zenye habari moja, na anayesoma namba ya kila moja peke yake atadhani densiti imepoteza nguvu. Kwa sababu hiyo hiyo usiingize densiti kavu, uwiano wa matundu na uwazi wa asilimia kwa pamoja. Ni kitu kimoja kilichovaa majina matatu, na mchango wake utakatwa vipande vitatu.

Neno moja kuhusu michoro ya athari. Mchoro wa kawaida wa athari ya wastani hubadilisha safuwima moja kwa mistari yote na kuacha zingine zilivyo. Kwa udongo, jambo hilo hutengeneza vitu visivyowezekana. Udongo wenye densiti kavu 1.80 na chembe za 2.66 unashiba kwa unyevu wa 1 ÷ 1.80 − 1 ÷ 2.66, karibu asilimia 18. Mchoro ukiupa asilimia 25, unaiuliza modeli kuhusu udongo ambao hauwezi kuwepo, na jibu linaingia kwenye wastani kana kwamba ni halali. Toleo la SHAP linalovunja uhusiano wa safuwima lina tatizo hili hili. Tumia athari za kienyeji zilizolimbikizwa, ambazo hutembea hatua fupi ndani ya data iliyopo, au punguza mlalo wa mchoro uishie pale ambapo kiwango cha kushiba kinafika asilimia 100.

Yapo ambayo hakuna mchoro utakaoyatoa, kwa kuwa hayamo kwenye jedwali. Kabonati na jasi hazikupimwa. Udongo wa namna mbili wenye densiti moja, unyevu mmoja na mchanganyiko mmoja wa chembe unaweza kutofautiana kabisa, mmoja ukishikwa na mvuto wa maji tu na mwingine na saruji ya asili. Uchukuaji wa sampuli nao una upendeleo: bomba nene likisukumwa kwenye udongo uliolegea huubana, densiti inasomeka kubwa kuliko ya ardhini na mtitio unatoka mdogo. Modeli iliyofunzwa kwa sampuli kama hizo hurithi makadirio ya chini. Sampuli za kukatwa kwa mkono kutoka ukuta wa shimo ni bora, na njia ya uchukuaji iwe na safuwima yake.

Kazini, utabiri wa 6.6 haukupelekwa kwa msanifu kama namba ya kusanifia. Makosa yaliyopatikana kwenye vyanzo vilivyofichwa yalitumika kuweka mipaka, na mipaka hiyo ilianzia karibu na asilimia 3 ikafika 10. Inavuka daraja la wastani na la mkali kiasi, na katikati yake ndipo uamuzi wa kushindilia upya, kulowesha mapema au kupitisha nguzo unapobadilika. Kulowesha mapema kumewahi kufanywa kwa ukubwa wa kutosha: magharibi mwa Bonde la San Joaquin, California, ardhi ilifurikishwa kwa mabwawa itulie kabla ya mfereji mkuu kupita juu yake. Si hatua ya kuchukuliwa kwa namba ya kompyuta pekee.

Modeli ilitumika kupanga foleni ya edometa. Densiti kavu, unyevu, vikomo na mchanganuo wa chembe hupimwa kwa sampuli nyingi kwa gharama ndogo. Edometa yenye kulowesha huchukua siku kadhaa kwa kila pete. Sampuli ambazo mpaka wa juu ulivuka asilimia 6 zilipimwa kwanza. Zikafuata zile ambazo safuwima yoyote ilitoka nje ya masafa ya jedwali, hata kama utabiri ulikuwa mdogo, kwani miti haiwezi kunyoosha mkunjo kupita mistari iliyofunzwa nayo; hurudia tu thamani ya jani la mwisho. Kundi la tatu lilikuwa sampuli ambazo modeli na kigezo cha Gibbs na Bara havikukubaliana. Kila kipimo kipya kiliingizwa kwenye jedwali kikiwa na jina la chanzo chake, modeli ikafunzwa upya, na michoro ya michango ikachorwa tena ili kutazama kama kuna ngazi nyingine iliyozuka.